Mkandaji Mzuri Hujulikana kwa Wagonjwa Anaowakataa

Saluni za Kigoma mjini zimeanza kubandika karatasi mpya mlangoni, chini ya ile ya kusuka na kubandika kucha: masaji ya Kiswidi, masaji ya Kithai, mawe ya moto, kunyoosha viungo, kutoa sumu mwilini. Ukipita Mwanga jioni utadhani mji umegundua kitu. Ukweli ni kwamba hapa mwisho wa reli hatujawahi kupungukiwa na watu wa kukanda. Ujiji kuna bibi wa kumkanda mzazi, Kibirizi kuna wazee wa kuwachua wavuvi mabega, kila mtaa una mtu wake wa viungo vilivyoteguka, na anayetaka kuumikwa chuku hatafuti mbali. Karatasi ya saluni imeongeza majina tu.

Sina ugomvi na majina. Kinachonisumbua ni kwamba tunabishana kuhusu ipi masaji bora, ya bibi au ya spa, huku tukiliacha swali lenye uzito: kati ya hao wote, nani anajua wakati wa kuondoa mkono? Kukanda ni tiba ya kweli kwa mambo machache na burudani safi kwa mengi. Madhara huanzia kwenye ahadi inayouzwa pamoja nako.

Tuanze na hayo majina, maana watu wanatozwa hela kwa ajili yake. Masaji ya Kiswidi huhusishwa na Per Henrik Ling, aliyefungua chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm mwaka 1813. Lakini ule mpangilio unaofundishwa leo, wa kuteleza kwa kiganja, kukanda kama unga na kugongagonga kwa ukingo wa mkono, uliwekwa sawa na daktari wa Kiholanzi, Johann Georg Mezger. Mholanzi alifanya kazi, Mswidi akapewa sifa. Hii ndiyo ya mafuta na shuka, ndiyo wengi wanayoijua.

Ya Kithai ni habari nyingine kabisa. Haina mafuta. Unabaki na nguo zako, nyepesi na pana, unalala kwenye godoro jembamba sakafuni, na mkandaji anatumia dole gumba, kiwiko, goti, hata unyayo. Anakubonyeza, anakuvuta, anakukunja na kukunjua. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa tamaduni za binadamu mwaka 2019. Kwa hiyo mtu akikuvua nguo, akakumwagia mafuta, akakuambia hiyo ni ya Kithai, amekudanganya kabla hajaanza. Shiatsu ya Wajapani nayo ni ya kubonyeza bila mafuta. Wahindi wana ile ya mafuta ya uvuguvugu, mara nyingi ya ufuta, mwili mzima. Wachina wana yao ya kusukuma na kubana.

Halafu kuna ile ya nyayo, refleksolojia, iliyoenezwa Marekani miaka ya 1930 na Eunice Ingham, yenye picha ya mguu iliyogawanywa vipande: hapa ini, hapa figo, hapa moyo. Kubonyezwa nyayo baada ya siku ya kusimama sokoni ni raha isiyo na mfano. Ila hakuna waya unaotoka kwenye kisigino kwenda kwenye ini. Lipa kwa ajili ya nyayo zako, ini liache.

Moja katika orodha hii ndefu inastahili heshima ya pekee na haimo kwenye karatasi yoyote ya saluni niliyoiona: ile ya mkono mwepesi sana, wa kuyasukuma taratibu yale majimaji ya mwili yanayokwama chini ya ngozi, iliyobuniwa na Emil Vodder miaka ya 1930. Mwanamke aliyetolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani ya matiti anaweza kuvimba mkono mzima. Huyo hasaidiwi na kukandwa kwa nguvu. Anasaidiwa na mguso unaoisogeza ngozi tu, kisha bandeji ya kubana na mazoezi, chini ya mtu aliyesomea.

Sasa nikupeleke Kibirizi, asubuhi, mitumbwi ikiwa imerudi. Mvuvi wa dagaa kazi yake ni ya usiku, taa zinawashwa, dagaa wanakusanyika, nyavu zinavutwa kwa mikono, na kufikia alfajiri mabega yamekuwa magumu kama mbao za mtumbwi. Mzee ninayemzungumzia hana kitanda wala karatasi mlangoni. Ana mkeka, kigoda na chupa ya mafuta ya mise. Hatumii mawese, ingawa ndiyo yaliyojaa mji huu, kwa sababu mawese yanaacha wekundu kwenye fulana ya mtu na harufu ya jikoni haitoki. Mise, yale yanayokamuliwa kwenye kiini cha mbegu ya mchikichi, asubuhi yenye ubaridi huganda. Anayakwangua kwa kidole, anayasugua kati ya viganja mpaka yanakuwa maji.

Haanzii panapouma. Anaanzia kiunoni, anapanda polepole pembeni ya uti wa mgongo, anapita bega, anateremka, anapanda tena. Dole gumba linatafuta lile fundo lililojificha kando ya mfupa wa bega. Akilipata hachimbi. Anaegemea, anangoja, mpaka yule bwana anapumua kwa nguvu na bega linashuka lenyewe. Kabla ya yote hayo kuna mahojiano mafupi: "Ulianguka? Una homa? Presha? Unatumia dawa gani?" Kijana mmoja alikuja shavu la mguu wake mmoja likiwa limevimba, lina joto, linauma akikanyaga, alikuwa ametoka safarini, amekaa kwenye basi tangu Dar es Salaam. Mzee aliutazama mguu, akagusa ngozi kwa mgongo wa mkono, akasema, "Huu sikandi, mwanangu. Mguu mmoja ukivimba na kuchemka hivi si wa mafuta. Nenda hospitali, Maweni." Kijana alinuna, akaona amenyimwa huduma.

Mzee hakutaja jina la ugonjwa, wala hakuhitaji. Safari ndefu ya kukaa miguu ikiwa imekunjwa inaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya ndani ya mguu. Bonge lile likikandwa linaweza kung'oka, likasafiri na damu, likaziba mshipa wa mapafu, na mtu akafa dakika hiyo hiyo, wote waliopo wakisema karogwa. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita elfu moja. Abiria wengi wanashuka wakiwa wameumia, na wengi wanaomba kuchuliwa. Karibu wote wana uchovu wa kawaida tu. Kazi ya mkandaji ni kumtambua yule mmoja asiye wa kawaida.

Nimekaa sana kwa mzee huyu kwa sababu ndiye kipimo changu. Alichofanya kwa mikono yake wengi wanakiweza, na spa yenye muziki wa maji yanayotiririka inaweza kukifanya vizuri zaidi. Alichofanya kwa kukataa ndicho adimu.

Kwa nini kukandwa kunatuliza? Wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza mwaka 1965 kitu ambacho kila mama anakijua: mtoto akijigonga, unapapasa. Habari ya mguso na habari ya maumivu zinagombania njia kwenye uti wa mgongo, na mguso ukiwa mwingi maumivu yanabanwa mlangoni. Baadaye ikaonekana pia kuwa ngozi yenye vinyweleo ina nyuzi za fahamu zinazopenda mguso wa taratibu, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, na karibu na 3 ndiyo raha zaidi. Ndiyo mwendo wa bibi anapompapasa mjukuu mgongoni, bila saa wala rula.

Na tiba? Kwa maumivu ya kiuno, ushahidi upo ingawa si wa kupigia ngoma. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, mwaka 2017, kilishauri kwamba kiuno kilichoanza kuuma karibuni kitibiwe kwanza bila dawa, na kukandwa ni moja ya njia walizotaja, pamoja na joto. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, liliiweka masaji miongoni mwa yanayoweza kutolewa, bega kwa bega na mazoezi na elimu. Tatizo ni kwamba nafuu yake ni ya muda. Mama wa Kasulu anayelima kwa jembe la mkono akikandwa Ijumaa atalala vizuri Ijumaa; Jumatatu jembe lile lile linamngoja. Anayemwambia kiuno kimepona kwa kukandwa bila kumfundisha kuinama, kuimarisha misuli na kupumzika, anamfanya mteja wa kudumu.

Hapo ndipo biashara ya "kutoa sumu" inapoingia. Utasikia kwamba mkazo wa misuli ni asidi iliyoganda, na mkandaji anaikamua. Asidi ile inayotokana na mazoezi huondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi, mtu akiwa amekaa zake anakunywa soda. Maumivu ya kesho yake, yale yanayomfanya mchezaji ashuke ngazi kinyumenyume, ni michubuko midogo ndani ya misuli. Uchafu wa damu unasafishwa na figo na ini, mchana na usiku, bure.

Wanamichezo nao wana lao. Kijana akipigwa goti la paja uwanja wa Lake Tanganyika, jambo la kwanza wenzake wanalofanya ni kulichua paja kwa nguvu zote. Paja lililopigwa limevuja damu ndani. Ukilisugua vikali siku zile za mwanzo unaongeza uvujaji, na mara nyingine mwili hujenga mfupa katikati ya misuli, mfupa wa kweli unaoonekana kwenye eksirei. Barafu, bandeji, kupumzika. Kuchua kutakuja baadaye, polepole. Kifundo kilichoteguka ni vivyo hivyo, na kama hawezi kukanyaga hatua nne, apigwe picha kwanza.

Ila kama kuna mahali ambapo watu wa Kigoma tunapaswa kujitazama bila aibu, ni kwa mzazi. Arobaini ya mzazi ni jambo zuri tulilonalo. Mwanamke ametoka kujifungua. Mama yake, mama mkwe au shangazi anahamia nyumbani, anapikiwa uji wa pilipili manga, hachoti maji, hainui jiko, na asubuhi na jioni anakandwa. Wataalamu wa afya ya akili ya wazazi wakiuona utaratibu huo watatamani kwao uwepo. Ubaya ni maji. Yanachemshwa, taulo linachovywa, linakamuliwa na kubandikwa tumboni likiwa bado linatoa moshi, na mzazi akilalamika anaambiwa avumilie ili "damu chafu" itoke. Kuna wanaomwagiwa maji hayo hata kwenye mshono. Mzazi aliyepoteza damu anapooshwa kwa joto kali mishipa hupanuka, presha hushuka, anaanguka kule kule bafuni. Wengine wanatoka na malengelenge tumboni.

Kinachorudisha tumbo la uzazi mahali pake ni homoni inayotoka kila mtoto anaponyonya; yale maumivu ya tumbo mzazi anayoyasikia akinyonyesha ndiyo kazi yenyewe ikiendelea, na tumbo hurudi kwa muda wa kama wiki sita. Maji ya moto hayana sehemu humo. Mkunga wa hospitali naye hubonyeza tumbo saa zile za kwanza, lakini kwa sababu maalumu: anatafuta kama mji wa mimba umekaza au umelegea, maana ukilegea damu itamwagika. Nimesikia binti mmoja akimwambia shangazi yake kwa adabu zote, "Shangazi, mikono yako naitaka, maji yapoe kidogo." Shangazi akacheka, akaongeza maji ya baridi. Hakuna mila iliyovunjika. Mzazi akiwa na homa, usaha, damu inayozidi au maumivu ya kichwa yasiyokoma, hapo si kukandwa tena, ni gari.

Tumbo la mjamzito ni marufuku zaidi. Kuna wanaojisifu kwamba wanamgeuza mtoto aliyekaa vibaya. Madaktari nao huweza kumgeuza, lakini hospitalini, karibu na tarehe, wakisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, chumba cha upasuaji kikiwa tayari, kwa sababu kondo la nyuma linaweza kubanduka. Mwenye mafuta ya mise na mkeka hana hata kimoja katika hivyo.

Mengine nayataja harakaharaka kwa kuwa hayana mjadala. Mtoto mchanga aliyezama utosi haponi kwa kusukumwa kaakaa wala kukandwa kichwa. Mara nyingi ameishiwa maji kwa kuharisha, anahitaji maji yenye chumvi na sukari ya hospitali, upesi. Aliyepinda mdomo na kulegea mkono ghafla amepata kiharusi, na dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana, ina saa nne na nusu tu za kufanya kazi. Familia zinazozimaliza kwa mkandaji haziwezi kuzirudisha. Mgonjwa wa sukari aliyekufa ganzi miguuni hatajua jiwe la moto limemuunguza mpaka aone lengelenge. Na hijama, yaani kuumikwa chuku, iliyopata umaarufu dunia nzima pale Michael Phelps alipoonekana na miduara mgongoni kwenye Olimpiki ya Rio 2016: anayeifuata kwa imani, tarehe 17, 19 au 21 za mwezi mwandamo, simwingilii. Namwomba tu auone wembe ukitolewa kwenye karatasi yake mbele ya macho yake, na vikombe vilivyosafishwa, kwa kuwa virusi vya homa ya ini B huweza kuishi siku saba nje ya mwili.

Kuna wasiotaka kusikia neno masaji kabisa, wakilihusisha na nyumba za miji mikubwa zenye mapazia mazito. Siwalaumu. Lakini dawa ya fedheha hiyo ipo ndani ya orodha yenyewe: katika masaji zote za kigeni, zinazoingia Ujiji bila kugongana na mtu ni ile ya Kithai na shiatsu, kwa sababu mteja anabaki na nguo. Mwanamke akikandwa na mwanamke, mlango ukiwa wa pazia badala ya kufuli, maneno yanaisha. Ajabu ni kwamba wenye saluni wamechukua majina hayo na kuacha hiyo sifa.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, na Baraza lake linasajili waganga. Mkandaji anaanguka katikati: si mganga hasa, si mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, kama wanaofundishwa hospitali ya KCMC Moshi, na leseni ya saluni haimuulizi kama anajua mguu wa kutokugusa. Sipendekezi tumfukuze mzee wa Kibirizi mpaka alete cheti. Napendekeza wiki chache za mafunzo, mchana, kwa Kiswahili, mtaalamu wa fiziotherapia na mkunga wakifundisha jambo moja tu: nani wa kukataliwa na apelekwe wapi. Mikono wanayo tayari.

Na kama tutaanza kufundisha wapya, tuanze na wasioona. Japani ilifanya hivyo katika karne ya 17. Sugiyama Waichi, mtaalamu asiyeona, alianzisha shule za wasioona za kukanda na kuchoma sindano za tiba, na kazi hiyo ikawa yao kwa vizazi. Korea Kusini imekwenda mbali zaidi, leseni ya ukandaji hupewa wasioona peke yao, na mahakama yao ya katiba iliukubali utaratibu huo mwaka 2008. Sisemi tuwanyime wengine. Nasema kuna vijana wasioona katika mkoa huu waliomaliza shule na wamekaa nyumbani, na ukandaji unataka vidole vinavyosikia na mtu mwenye subira ya kuuliza.

Mtaji wake hautishi: godoro jembamba, shuka za kubadilisha, sabuni, mise. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Anayejaza fomu hiyo Kigoma Ujiji leo anashauriwa ufugaji wa kuku au duka. Ofisa maendeleo ya jamii anaweza kuongeza mstari wa tatu.